Kati ya Lebo na Bomba la Sindano

Ndugu wanafunzi wa mwaka wa mwisho, walimu wenzangu, na viongozi wa wodi mliokubali kutuachia asubuhi hii: habari za asubuhi, na karibuni.

Mmebakiza wiki chache kabla ya mtihani wa leseni. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kufanya kazi hii hapa Tanzania bila kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na kuwa na leseni hai, kwa hiyo wasiwasi nauona usoni kwenu na ninauelewa. Wengi mngependa niwatajie maswali yatakayotoka. Nimekuja na jambo litakalowafaa zaidi ya hilo, maana litawafaa siku ya mtihani na litawafaa zamu ya usiku mkiwa wawili kwa wagonjwa arobaini.

Makosa ya dawa yanayoumiza watu mara nyingi hayaanzi kwa kutoijua dawa. Muuguzi anaijua, anajua inatibu nini, anajua hata madhara yake. Kosa linaingia katika ile nafasi ndogo kati ya lebo ya ampuli na bomba la sindano. Asilimia inasomwa kana kwamba ni gramu. Uniti inapimwa kwa mililita. Uzito wa mtoto unakisiwa kwa macho. Saa inaandikwa bila kusema ni ya mchana au usiku. Watunga mitihani wanalijua eneo hilo vizuri, na ndiyo maana maswali mengi yanayowaangusha watahiniwa yanatoka hapo hapo.

Tuanze na magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege ya kifafa cha mimba, kwa sababu ndani yake mna karibu kila mtego wa hesabu.

Mama mwenye kifafa cha mimba anahitaji dozi ya kuanzia ya gramu 14: gramu 4 kwenye mshipa, na gramu 10 kwenye msuli, yaani gramu 5 kila tako. Dawa iliyo mkononi imeandikwa 50%. Maana yake ni gramu 50 katika kila mililita 100, kwa hiyo kila mililita ina nusu gramu. Liwekeni hilo kichwani kabla ya kitu kingine chochote: mililita moja, nusu gramu. Ampuli ya mililita 10 ina gramu 5. Ampuli ya mililita 2 ina gramu 1. Ukubwa wa ampuli umebadilika, ukali wa dawa ni ule ule, na hapo ndipo mtu aliyezoea aina moja ya ampuli anapoteleza siku bohari ikileta nyingine.

Gramu 4 za mshipani ni mililita 8. Lakini dawa ya 50% haiingii mshipani kama ilivyo, inapunguzwa ukali hadi 20%. Chukua bomba la mililita 20, vuta mililita 8 za dawa, ongeza mililita 12 za maji ya sindano. Sasa una gramu 4 ndani ya mililita 20, nayo ndiyo 20%. Sukuma polepole, si chini ya dakika 5, saa ikiwa mbele yako. Mwambie mama mapema kwamba atahisi joto mwilini, asije akashtuka na kuvuta mkono.

Za msulini hazipunguzwi. Kila tako linapata mililita 10 za dawa ya 50%, na katika bomba hilo hilo unaongeza mililita 1 ya lignokeini 2%, dawa ya ganzi, kwa sababu sindano hii inauma sana. Jumla ni mililita 11, ndani kabisa ya msuli, robo ya juu upande wa nje, mbali na mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Anayevuta mililita 5 akidhani amevuta gramu 5 amempa mama nusu ya dawa, na degedege itarudi. Anayepeleka ya 50% moja kwa moja mshipani anaweza kumsimamishia mama pumzi.

Baada ya hapo ni gramu 5 msulini kila saa 4, tako moja kisha lingine, mpaka zitimie saa 24 tangu mama ajifungue au tangu degedege ya mwisho, lolote lililotokea baadaye. Na kabla ya kila dozi kuna mambo matatu ya kupima. Pumzi ziwe 16 au zaidi kwa dakika, ukihesabu dakika nzima. Goti liruke ukiligonga. Mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, yaani katika saa 4 zilizopita mfuko uwe umepata angalau mililita 120.

Msiyakariri haya matatu kama shairi, elewa kila moja linasema nini. Magnesiamu inatoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo mkojo ukipungua dawa inabaki na kujikusanya. Ikizidi, kitu cha kwanza kupotea ni kuruka kwa goti, na pumzi huathirika baadaye. Goti ni kengele inayolia mapema. Mtihani ukikupa mama anayepumua mara 18, goti linaruka, lakini mkojo ni mililita 80 katika saa 4, jibu ni kusubirisha dozi na kutoa taarifa, hata kama vipimo viwili kati ya vitatu vimependeza. Kimoja kikianguka, dozi inangoja. Na kama mama amechomwa ganzi ya uti wa mgongo, goti halitaruka kwa sababu ya ganzi, hivyo pima mrejeo kwenye kiwiko. Pumzi zikisimama, msaidie kupumua kwa kinyago na puto, na umpe kalsiamu glukoneti gramu 1, ambayo ni mililita 10 za 10%, polepole mshipani. Ampuli hiyo ikae kando ya kitanda tangu dozi ya kwanza. Mgonjwa akiacha kupumua, hakuna muda wa kutafuta funguo za kabati.

Hesabu ya asilimia ikishakaa, nyingine zinafuata. Lignokeini 2% ni miligramu 20 kwa mililita. Adrenalini iliyoandikwa moja kwa elfu ni miligramu 1 kwa mililita, na ile ya moja kwa elfu kumi ni sehemu ya kumi yake. Mtu mzima aliyepatwa na mzio mkali unaoziba koo na kushusha presha anapewa nusu miligramu kwenye msuli wa paja, yaani nusu mililita ya ile ya moja kwa elfu. Swali linaweza kutoa ampuli zote mbili na kukuuliza mililita ngapi. Soma lebo mara mbili.

Potasiamu kloraidi inahitaji maneno makali. Haisukumwi mshipani bila kuchanganywa na maji, kamwe, kwa oda ya yeyote. Inasimamisha moyo. Ampuli ya kawaida ya mililita 10 ya 15% ina milimoli 20. Kwa mshipa wa mkononi, mchanganyiko usizidi milimoli 40 kwa lita, kwa hiyo ampuli moja ndani ya kifuko cha nusu lita tayari imefika kikomo. Mwendo usizidi milimoli 10 kwa saa kama mgonjwa hana mashine ya kufuatilia moyo, maana yake kifuko hicho kisiishe chini ya saa 2. Na kabla ya yote, hakikisha mgonjwa anakojoa.

Kuna kosa moja la potasiamu ambalo mtu hulifanya huku hesabu zake zote ziko sawa. Dripu imeshaning'inia na inatiririka, muuguzi anadunga ampuli kwenye kifuko hapo hapo kilipo, anaendelea na mgonjwa mwingine. Potasiamu ni nzito kuliko maji yaliyomo, inazama chini kama sukari isiyokorogwa kwenye kikombe cha chai, na chini ndiko mdomo wa mpira ulipo. Mgonjwa anapokea dawa kali kwanza na maji matupu baadaye. Utaratibu ni huu: funga dripu, teremsha kifuko, dunga dawa, kipindue juu chini angalau mara kumi, bandika karatasi yenye jina la dawa, kiasi, saa na sahihi yako, ndipo ukining'inize.

Kuhusu insulini nitasema kwa ufupi. Inapimwa kwa uniti na kwa bomba lake tu. Insulini tulizonazo nyingi ni uniti 100 kwa mililita, na bomba lazima liwe la 100. Bado yapo mabomba ya uniti 40, na ukivuta kwa bomba hilo hadi mstari wa 20 umechukua uniti 50. Andika neno "uniti" lote, maana herufi u iliyoandikwa haraka inaonekana sifuri, na 10 inageuka 100. Kwa kanuni hiyo hiyo andika 0.5 na si .5, andika 5 na si 5.0. Nukta inapofutika mgonjwa anapata mara kumi.

Tuje kwenye matone. Fomula mnaijua: mililita mara matone ya seti, gawa kwa dakika. Lita moja kwa saa 8 kwa seti ya matone 20 ni 1000 mara 20, gawa kwa 480, unapata 41.7, yaani matone 42 kwa dakika. Wanaokosea hapa hukosea sehemu mbili. Wengine wanasahau kugeuza saa kuwa dakika. Wengine hawasomi pakiti ya seti, ambako imeandikwa ni matone 15, 20 au 60 kwa mililita. Ukiweka matone 42 kwa seti ndogo ya 60, mgonjwa anapata mililita 42 kwa saa badala ya 125, na lita uliyoipangia saa 8 itachukua karibu siku nzima. Mgonjwa aliyeishiwa maji anaendelea kukauka huku dripu ikionekana inadondoka vizuri kabisa.

Na hesabu hiyo hudumu mpaka mgonjwa akunje mkono. Kwa hiyo bandika ukanda wa plasta ubavuni mwa kifuko, piga mistari ya kila saa, kila mstari mililita 125. Ukipita kitandani unatazama usawa wa maji na mstari, na kwa sekunde mbili unajua kama dripu iko nyuma au mbele.

Kwa mtoto, kila kitu kinaanza na mzani. Chukua mtoto wa miezi 10 mwenye kilo 9 aliyeishiwa maji vibaya kwa kuharisha, na hana utapiamlo mkali, maana mwenye utapiamlo ana mpango wake tofauti. Anapata mililita 30 kwa kilo katika saa ya kwanza, kisha 70 kwa kilo katika saa 5 zinazofuata. Hiyo ni mililita 270, halafu 630. Kwa seti ya matone 20 ni matone 90 kwa dakika saa ya kwanza, halafu 42. Akitimiza miezi 12, kiasi hakibadiliki ila muda unapungua: dakika 30, kisha saa mbili na nusu. Ndiyo maana swali litataja umri hata kama uzito umeshatolewa. Usiuruke.

Malaria kali ni hivyo hivyo. Artesuneti ni miligramu 3 kwa kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, na 2.4 kwa kilo kuanzia kilo 20. Kichupa cha miligramu 60 kwanza kinapata mililita 1 ya sodiamu baikaboneti iliyokuja nacho, unatikisa mpaka iwe angavu kabisa, na ikibaki na ukungu unaitupa. Kwa mshipa unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi, dawa inakuwa miligramu 10 kwa mililita. Kwa msuli unaongeza mililita 2 tu, inakuwa 20 kwa mililita. Mtoto wa kilo 14 anahitaji miligramu 42: mililita 4.2 mshipani, au 2.1 msulini. Ukichanganya njia hizo mbili, umempa nusu au mara mbili. Dozi zinatolewa saa ya 0, ya 12 na ya 24. Hata kama mtoto ameamka na anaomba uji baada ya dozi ya kwanza, hizo tatu zitimie, kisha amalizie na dawa mseto kwa siku 3.

Sasa yale maswali yanayouliza utafanya nini kwanza. Maswali yenu yameandikwa kwa Kiingereza ilhali wodini mnafikiri na kuongea Kiswahili, kwa hiyo pigeni mstari chini ya maneno yenye maana ya "kwanza", "isipokuwa" na "zaidi ya yote" kabla ya kusoma majibu. Majibu yote manne yanaweza kuwa mambo sahihi ya kufanya. Unachopimwa ni mpangilio.

Kanuni mliyofundishwa ni kuchunguza kabla ya kutenda, na ni kanuni nzuri. Ina mpaka mmoja: kama kinachomdhuru mgonjwa bado kinaingia mwilini, funga kwanza. Mgonjwa ana dakika 10 tangu aanze kuongezewa damu, anatetemeka, anasema kiuno kinamuuma. Jibu la kwanza si kupima joto, si kupunguza mwendo, si kumwita daktari. Funga damu. Kisha toa seti yote na uweke mpya yenye maji ya chumvi ili mshipa usipotee, pima joto, mapigo, pumzi na presha, linganisha jina na namba ya mfuko na za mgonjwa, toa taarifa, rudisha mfuko na seti yake maabara. Kupunguza mwendo ndilo jibu la uongo linalovutia zaidi, kwa sababu linaonekana la busara. Damu isiyooana inadhuru kuanzia mililita chache za mwanzo, na ndiyo sababu tunakaa na mgonjwa dakika 15 za kwanza bila kuondoka. Damu haichanganywi na maji ya sukari ya dekstrosi, yanayopasua chembe zake, wala maji ya Ringer, yenye kalsiamu inayoigandisha. Ianze ndani ya dakika 30 tangu itoke kwenye friji, iishe ndani ya saa 4.

Mpaka huo huo unamhusu mama anayepewa uchungu kwa dripu ya oksitosini, na mapigo ya mtoto yakashuka. Funga dripu, mlaze mama upande wa kushoto, ndipo uite msaada. Mama anayepigwa na degedege mbele yako, mgeuze ubavu, linda njia ya hewa, mpe oksijeni, na magnesiamu ifuate. Kijiko kinywani hapana. Ndugu watakileta, na wataleta kwa nia njema, lakini kinavunja meno na kuziba hewa.

Jibu la kumwita daktari nalitaja peke yake kwa sababu linawaponza wengi. Ni sahihi pale tu ambapo mikono yako haina tena cha kufanya.

Kuna jambo la kumtambua mgonjwa. Kwetu watu huitwa kwa majina ya watoto wao, na wodi moja inaweza kuwa na akina Mama Asha wawili. Ukisimama mlangoni ukauliza "Mama Asha ni nani?", atakayeitika ni aliye karibu. Ukimuuliza mgonjwa "Wewe ndiye fulani?", atasema ndiyo, kwa heshima tu, hata kama hakusikia vizuri. Uliza swali lisilojibika kwa ndiyo: "Mama, naomba uniambie majina yako matatu." Kisha linganisha na faili na namba. Ni sekunde kumi.

Kwa wanaofikiria kwenda Marekani baadaye: mtihani wa huko, NCLEX-RN, una maswali kati ya 85 na 150 ndani ya saa 5, kompyuta inakuchagulia swali linalofuata kulingana na ulivyojibu, na huwezi kurudi nyuma. Vipimo vyao vitawababaisha kuliko uuguzi wenyewe. Uzito unakuja kwa pauni, gawa kwa 2.2 upate kilo. Sukari ya damu inakuja kwa miligramu kwa desilita, gawa kwa 18 upate milimoli kwa lita. Sukari 72 ya kwao ni 4 ya kwetu.

Namna ya kusoma kwa wiki zilizobaki: hesabu kumi kila siku, kwa kalamu, bila kikokotoo, na kila namba iwe na kipimo chake pembeni. Jibu likitoka, jiulize kama linawezekana. Hesabu ikikuambia uvunje ampuli sita kwa dozi moja ya mtoto, acha, anza upya. Kwa maswali ya kuchagua, ziba majibu, jibu mwenyewe, kisha funua, na umweleze mwenzako kwa nini yale matatu mengine si sahihi. Hapo ndipo ujuzi unapokaa.

Nimalize na saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, na chati zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Ukiandika "saa 8" kwenye chati ya magnesiamu ukimaanisha saa nane usiku, mwenzako anaweza kusoma 08:00, ambayo ni saa mbili asubuhi. Dozi inachelewa saa 6 na mama anabaki bila kinga. Andika kwa tarakimu nne, sema kwa Kiswahili na utaje usiku au mchana, na makabidhiano yafanyike kando ya kitanda, hivi:

"Dada, huyu ni mama wa kifafa cha mimba, amejifungua jana saa tisa alasiri, 15:00. Magnesiamu ya mwisho saa nne usiku, 22:00, gramu 5, tako la kushoto. Inayofuata saa nane usiku, 02:00, tako la kulia. Goti linaruka, tuligonge pamoja. Anapumua mara 18. Mkojo mililita 160 kwa saa nne, mfuko nimeumwaga sasa hivi. Kalsiamu hii hapa juu ya kabati lake, ampuli moja, haijafunguliwa."